Programu tele, daktari hapatikani

Leo nina ugomvi na wenzangu tunaoandika programu. Shindano la vijana wa tarakilishi likifanyika Nairobi, halikosi timu yenye programu ya "afya ya akili". Moja inakuuliza leo una furaha kiasi gani kati ya 1 na 10. Nyingine ina roboti ya gumzo inayokwambia pole, vuta pumzi. Zawadi inatolewa, picha zinapigwa, basi. Aliye mgonjwa kweli bado hajui aende wapi kesho asubuhi.

Juzi mwenzangu wa kazi aliniomba tumtafutie mdogo wake daktari wa magonjwa ya akili karibu na kwao, magharibi ya nchi. Kijana alikuwa siku 5 halali, anaongea bila kupumua, akiba yake yote ameigawa kwa watu asiowajua. Tukaingia kwenye tovuti moja (sitaitaja) inayojisifu kuwa na wataalamu wa kila kaunti. Ilitupa nini? Mshauri wa ndoa, mhubiri, muuza vitamini, na daktari mmoja aliye Nairobi, safari ya usiku kucha kwa basi. Wote chini ya kichwa kimoja! Jibu lilitoka kwa shangazi yake, aliyeuliza tu kwenye dirisha la wagonjwa wa nje hospitali ya kaunti. Kliniki ilikuwa Jumanne.

Jamani, hawa si watu wa kazi moja. Mwanasaikolojia na mshauri nasaha hutibu kwa mazungumzo, wana sheria yao ya mwaka 2014, na wanafaa sana, lakini hawaandiki dawa. Daktari wa magonjwa ya akili kwanza ni daktari kama wengine: amesomea utabibu miaka 5 au 6, akafanya kazi wodini, ndipo akarudi chuoni kusomea akili. Atakuuliza usingizi, pombe, miraa, maradhi ya ukoo. Huenda akapima damu, kwa sababu tezi ya shingoni ikilegea mtu anaweza kuonekana ana sonona, na malaria kali au kifafa vinaweza kumfanya aweweseke. Kijana kama yule, mwenye kupanda namna ile, akipewa dawa za sonona peke yake anaweza kupanda zaidi. Akianzishiwa lithiamu, damu, figo na tezi lazima zifuatiliwe. Roboti gani itapima figo?

Najua mtaniambia madaktari ni wachache. Kweli. Mkaguzi Mkuu wa Serikali aliripoti mwaka 2017 kwamba hawakufika 100 nchi nzima, na huduma hii ilipatikana katika hospitali 29 tu kati ya 284 za ngazi ya 4 kwenda juu. Sasa, kitu kikiwa adimu si ndiyo sababu zaidi ya kuonyesha kilipo? Tena wapo maafisa wa kliniki na wauguzi waliosomea magonjwa ya akili, wanaoweza kuanzisha matibabu na kuandika rufaa. Hao programu zetu hata haziwajui.

(Na tuache ule utani wa "ametoroka Mathare". Hospitali ya Mathari imetibu watu tangu 1910. Kicheko chetu ndicho kinachowafanya wachelewe.)

Ninachotaka ni ukurasa mmoja mwepesi, unaofunguka hata kwenye kabambe: kaunti, hospitali, siku ya kliniki, namba ya simu ya hospitali, na tarehe habari ilipothibitishwa mara ya mwisho. Jina la daktari likiwekwa, lilinganishwe kwanza na rejista ya Baraza la Madaktari, KMPDC. Kuiandika ni kazi ya wikendi mbili. Kupiga simu kila mwezi kuhakikisha kliniki haijahamishwa, hiyo ni kazi isiyo na tuzo wala picha, na ndiyo maana hatuigusi.

Kwa sasa, nenda hospitali ya kaunti uulize kliniki ya magonjwa ya akili ni siku gani. Na mtu akizungumzia kujiua, usingoje siku hiyo: mpeleke idara ya dharura usiku huo huo, wala usimwache peke yake njiani.