Neno la Siri Lililosemwa kwa Sauti

Majuzi, katika saiba moja mjini Mombasa, mzee alikuja kukaa kando yangu. Mwalimu mstaafu, miwani kifuani, bahasha ya kaki mapajani. Alikuwa na fomu ya kujaza mtandaoni, na herufi hazioni. "Mjukuu wangu, hebu niandikie," akamwambia kijana wa saiba. Kisha akamtajia neno lake la siri, herufi moja moja, sote tukisikia.

Toleo hili limetokana na siku hiyo. Tumezoea kusema wazee wanaogopa kompyuta. Mzee yule hakuwa na woga wowote. Alichokosa ni herufi za kumtosha, na kwa ajili hiyo siri yake ikawa ya saiba nzima. Nikamwonyesha: shikilia kitufe cha Ctrl, bonyeza cha kujumlisha. Mara ya nne maandishi yakawa makubwa kama ya ubaoni. "Kumbe!" akasema, akasogea, akalisoma jina lake mwenyewe.

Ila kukuza herufi hakumfai kila mtu. Mwenye mtoto wa jicho huumizwa na mng'aro wa skrini nyeupe. Afadhali kwake maandishi meupe juu ya weusi. Glakoma hula pembezoni, mtu akaona kama anayechungulia tunduni: ukimkuzia mno, mstari unampotea. Na yule ambaye sehemu ya kati ya retina imechakaa kwa umri, neno analolikazia macho ndilo linalofutika. Huyo asomewe. Programu ya NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni, hutolewa bure na husoma skrini kwa sauti, hata kwa Kiswahili. Simu nyingi za Android zina programu kama hiyo, TalkBack, ndani yake.

Watengenezaji wa tovuti nao wana deni. Kanuni za kimataifa zinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, lakini bado tunaletewa fomu za kijivu juu ya kijivu, na kurasa zinazojifunga mzee akiwa katikati ya kusoma. Huko ni kumfungia mtu mlango.

Nawe msomaji, mzazi wako akikuomba umwandikie neno lake la siri, mkuzie herufi kwanza, umpe nafasi aliandike mwenyewe.