Wito Haulipi Kodi ya Nyumba

Kila Mei 12, Siku ya Wauguzi Duniani, tunawasifu wauguzi na kuwaambia kazi yao ni wito. Kisha tunashangaa wanapoondoka.

Tutazame Moshono, pembezoni mwa Jiji la Arusha, na sisi wa visiwani tusidhani hayo ni ya bara tu. Muuguzi akitoka zamu ya usiku, nyumbani kuna watoto na mwenye nyumba anayedai kodi. Akiacha kazi mmoja, zamu zake hubebeshwa waliobaki. Nao wakichoka, humfuata. Anayeumia ni mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliitaja Tanzania miongoni mwa nchi 55 zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya. Wakati huohuo, wapo waliohitimu uuguzi wanaosubiri ajira mitaani. Basi tusiambiwe watu hawapo.

Subira ni ibada, lakini isigeuzwe kisingizio cha kumdhulumu mtu. Dini inatufunza kwamba ujira wa mtu haucheleweshwi. Tunataka malipo ya saa za ziada yatoke kwa wakati, nyumba za watumishi zijengwe karibu na vituo, na ratiba ya zamu ijulikane mapema. Nasi wagonjwa na jamaa zao tuache kuwatukana. Tusipofanya hayo, tusimlaumu muuguzi akifungasha virago.