Usiwaachie mashabiki wakulelee mwanao

KAMA una ndugu Marekani huenda umewahi kumpigia simu Jumamosi ukaambiwa, "Subiri, mpira uishe." Hausemwi mpira wetu wa Simba na Yanga. Ni futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, na Jumamosi ni siku ya vyuo. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor, una nafasi ya watu zaidi ya 107,000. Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam unachukua 60,000. Na umati wote ule wa Michigan umekwenda kuwatazama wanafunzi.

Mechi ikiisha, mashabiki nao huanza kazi yao. Timu ilicheza vipi? Nani alilala? Kocha abaki au aondoke? Kisha linakuja swali tamu kuliko yote: nani kati ya hawa ataingia NFL, ligi ya kulipwa? Huyu ana mkono wa kurusha, yule ana mbio lakini hana akili ya mchezo, yule mwingine mfupi mno. Kijana wa miaka 20 anapimwa kama ng'ombe mnadani, na mama yake anasikia.

Nimelileta jambo hili kwenye ukurasa wa familia kwa sababu ndugu zetu wengi wanaozungumza Kiswahili, kutoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya, wanalea watoto kule, na watoto hao wanaingia timu za shule. Mzazi ambaye mchezo wenyewe hauelewi vizuri ni rahisi kuwaachia wanaoujua wamwambie mwanawe ni nani. Hapo ndipo pana hatari.

Tuwatazame hao wanaoujua. Mwaka 1999 pale Michigan, Tom Brady alikuwa mwaka wake wa mwisho chuoni, lakini kocha alikuwa akimgawia muda wa kucheza na kijana mdogo kwake, Drew Henson, ambaye wengi waliamini ndiye mwenye kipaji hasa. Mwaka 2000 timu za NFL zilipoteua wachezaji wapya, Brady alichaguliwa wa 199. Alistaafu akiwa na mataji saba ya Super Bowl. Mwaka 2007 JaMarcus Russell wa LSU, kijana mwenye mkono wa ajabu, aliteuliwa wa kwanza kabisa nchi nzima. Mwaka 2010 timu yake ilikwisha kumwacha. Mwaka 2022 Brock Purdy alichaguliwa wa 262, yaani wa mwisho kabisa, na chini ya miaka miwili baadaye alikuwa akiiongoza timu yake kwenye fainali.

Kama wataalamu wanaolipwa wanakosea hivyo, shabiki wa jukwaani je? Tena shabiki akikosea hapotezi kitu. Jumamosi ijayo atapata kijana mwingine wa kumsifu. Anayebaki na yule wa jana ni mama, baba, mjomba na shangazi.

Hesabu nayo ni ngumu. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kinasema wanaocheza futiboli vyuoni ni zaidi ya 70,000. Kati ya wanaofikia wakati wa kuteuliwa, wanaoingia ligi ya kulipwa ni kama asilimia 1.6. Katika kila vijana 100, hawafiki wawili. Nao wakifika, goti moja likivunjika safari imekwisha.

Sisemi kijana aache mpira. Mpira huohuo humpa ufadhili wa masomo ambao wazazi wengi wasingeuweza. Myron Rolle, ambaye wazazi wake walitoka Bahamas, alikuwa beki hodari wa Florida State. Mwaka 2008 alipata ufadhili wa Rhodes wa kusoma Oxford, Uingereza. Mashabiki na wachambuzi wengi walimwona anafaa kuingia NFL moja kwa moja, lakini alikwenda kusoma kwanza. Aliporudi aliteuliwa wa 207, mwaka 2010, na hakucheza hata mechi moja ya msimu wa ligi. Kwa kipimo cha jukwaa, huyo alipotea. Leo ni daktari wa upasuaji wa ubongo.

Sasa mzazi afanye nini?

Kwanza, jua mwanao anasoma nini. Mama anayejua alirusha yadi ngapi lakini hajui kozi anayoisoma amekwisha kuwa shabiki.

Pili, tafuta tathmini kwa anayewajibika. Mchezaji haruhusiwi kuingia NFL kabla ya miaka mitatu tangu amalize sekondari, na anayetaka kuondoka chuoni mapema anaweza kuomba maoni ya kamati ya ushauri ya ligi hiyo. Jibu lake ni fupi: unaweza kuteuliwa raundi ya kwanza, ya pili, au baki chuoni. Akiambiwa abaki, abaki, hata kama mtaa mzima unamwita nyota.

Tatu, kuweni macho na fedha. Tangu Julai 2021 wanafunzi wanaruhusiwa kulipwa kwa kutumia jina na sura zao kwenye matangazo, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa. Fedha hizo zina kodi, zina mawakala, na zina ndugu. Msimfanye kijana wa miaka 19 kuwa mwenye kulipa karo na kodi za nyumba za ukoo mzima. Akiumia, nani atamlipia yeye?

Nne, muulize habari ya kichwa chake. Mchezo huu ni wa kugongana, na kijana anayeogopa kupoteza namba huficha kizunguzungu. Akikwambia anaona maluweluwe, aende kwa daktari kabla hajarudi uwanjani.

Tano, nyumbani abaki mtoto. Aoshe vyombo, asalimie wakubwa, aonywe akikosea. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kijana anayesifiwa na watu 100,000 anahitaji angalau watu wawili wa kumwambia ukweli bila kumpunguzia upendo.

Kuna Jumamosi atakayoangusha mpira dakika ya mwisho, na watu walewale waliomwimba watamtukana. Usiku huo atapiga simu nyumbani. Usianze na mpira. Muulize kama amekula, msikilize, mwambie alale. Akijua kwamba mapenzi ya wazazi wake hayapandi wala kushuka na matokeo, hata siku atakapoambiwa jina lake halimo kwenye orodha ya walioteuliwa atakuwa na pa kurudi.

Na wewe mwenye mtoto kwenye timu ya vijana pale Tandika au Kisauni, mpira ni tofauti, lakini jukwaa ni lilelile. Tukutane wiki ijayo.