Chura Asiye na Kiluwiluwi

Kasa hutaga mchangani, vitoto vyake hukimbilia baharini, na jike hurudi ufukweni kutaga baada ya miaka mingi. Anayetaka kumlinda hana budi kulinda vituo vyote hivyo. Chura wa msitu wa Shengena, wilayani Same, ana kituo kimoja tu.

Mwaka 2010 wanasayansi walitangaza aina tatu mpya za vyura wa jenasi ya Callulina katika Milima ya Upare: wawili wa Upare Kusini, akiwemo aliyepewa jina la Shengena, na mmoja wa Upare Kaskazini. Vyura hawa hawapitii hatua ya kiluwiluwi. Mayai hutagwa ardhini penye unyevu, na kinachoanguliwa ni kichura kamili. Mboji ikikauka, uzazi umekatika. Hakuna dimbwi la kuuokoa.

Sasa, je, ni haki kumzuia jirani wa msitu asipasue mbao za mti wa mkulo kwa ajili ya kiumbe asichokila wala kukiuza? Swali hilo halistahili kubezwa. Mbao ni ada ya shule, na gharama ya hifadhi humwangukia yeye kabla ya mtu mwingine yeyote.

Hata hivyo, unyevu unaolea yai la chura ndio huo huo unaolisha vijito vya milimani. Vijito hujaza ndiva, yaani mabwawa ya kienyeji, na ndiva humwagilia mashamba. Msitu ukikauka, chura atatangulia kuondoka, mkulima atafuata.

Wapo wanaotegemea maabara kumwokoa chura. Wakumbuke vyura wa maporomoko ya Kihansi, hapa Tanzania. Maji ya maporomoko yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yaliyowaweka vyura hai yalipungua. Mamia walipelekwa Marekani, na mwaka 2009 wakatangazwa kutoweka porini. Kuwarudisha kulianza 2012, kwa mabomba ya kunyunyiza maji bondeni. Kazi iliyofanywa bure na maporomoko sasa ina bajeti.

Kwa hiyo Wakala wa Huduma za Misitu, unaosimamia Hifadhi ya Mazingira Asilia Chome ulimo msitu wa Shengena, usiishie kuhesabu visiki. Upime pia unyevu wa ardhi na uhesabu vyura, vuli na masika, na kazi hiyo wapewe vijana wa vijiji jirani kwa ujira. Anayelinda chanzo cha maji ya wengine asilipwe kwa shukrani pekee.