Moto mpya inaanguka ikiwa imesimama



Juma hili nilipanga kuandika juu ya daftari za watoto wanaokaribia mitihani. Daftari zitangoja. Nina jambo la aibu kidogo la kuwaambia, na afadhali mlisikie kwangu kuliko kulisikia kwenye foleni ya maji.

Ile moto niliyonunua kwa zamu yangu ya likelemba imekwisha kuanguka. Haikugongwa, wala haikuteleza barabarani. Ilianguka ndani ya parsele yetu, injini ikiwa imezimwa, siku ya tatu tangu itoke dukani, plastiki ikiwa bado juu ya kiti.

Nilitoka shuleni, nikashusha bekiye ya pembeni, nikaingia ndani kuweka mfuko wa vitabu. Mwanangu wa miaka 4 alitaka kujiona katika kile kioo. Akashika usukani, akajivuta juu. Bekiye ilikuwa juu ya changarawe yetu nyeusi, ikateleza. Mimi nilisikia kishindo tu. Nilipotoka nje, mtoto alikuwa amekaa chini akilia, bila hata mkwaruzo. Alikuwa ameachia na kurudi nyuma hatua moja. Bidoni ya lita 20 iliyokuwa karibu naye ilikuwa bapa kama chapati.

Kioo cha kushoto kilivunjika na mkono wa ambreyaji ukakatika. Na mimi, mwalimu ninayewafundisha watoto wa wengine kusema kweli, niliificha moto nyuma ya nyumba chini ya shitingi siku mbili, kwa sababu nyinyi ndio mliochanga. Lakini mficha uchi hazai. Nilipomweleza mama mmoja wa kikundi chetu, alicheka, akaniambia yake imeanguka mara mbili. Kisha mwingine akasema vilevile. Kumbe kila mmoja wetu alijifunza peke yake, kwa pesa yake, na hakuna aliyemwonya mwenzake. Basi leo tuonyane.

Kwanza tuelewe sababu. Moto ya kawaida hapa Goma ina uzito wa zaidi ya kilo 100, yaani kupita mifuko miwili ya simenti. Ikisimama kwa bekiye ya pembeni, inaegemea kushoto, na uzito mwingi unashuka kwenye kipande cha chuma kidogo kama kiganja cha mtoto. Chuma hicho kikizama au kikiteleza, moto imekwenda. Na ardhi yetu mnaijua. Lava ya Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji; mawe yetu ya Keshero ni ya zamani zaidi, lakini nayo hayako sawasawa. Hapa ni jiwe gumu, hatua moja mbele ni changarawe inayoviringika, na mvua ikinyesha panakuwa matope.

Kwa hiyo chagua mahali kabla ya kushuka. Tafuta pagumu na sawa. Kama hapapo, weka kipande cha ubao au jiwe bapa chini ya bekiye. Mimi sasa ninabeba ubao wangu chini ya kiti. Penye mteremko, elekeza gurudumu la mbele upande wa juu. Ukilielekeza chini, moto inaweza kusogea mbele na bekiye ikajikunja. Zima injini, uache vitesi ya kwanza ndani ili isiviringike, na ugeuze usukani kushoto. Ikikaa nyumbani usiku kucha, tumia bekiye kubwa ya katikati, lakini mahali palipo sawa tu. Usipakie bidoni au mfuko wa makala upande mmoja wakati moto inaegemea bekiye ya pembeni.

Moto mpya ina hatari zake pia. Bado hujaizoea uzito, na matairi mapya yanateleza siku za kwanza. Ukienda polepole sana huku usukani umegeuka, usiminye freni ya mbele kwa nguvu; itakulaza papo hapo. Tumia freni ya mguu. Funga kikwembe vizuri kisinaswe unaposhuka. Na kabla ya kununua, kaa juu yake dukani: miguu yote miwili ifike chini.

Ukiona inaanguka na imekwisha kukupita nguvu, iachie, uruke pembeni. Kioo kinauzwa gariji. Goti haliuzwi.

Ikishalala, zima kontakti na ufunge robine ya esansi, maana esansi inaweza kuvuja kwenye kifuniko cha tangi. Sogeza babula mbali, na mtu asiwashe kiberiti. Kama imelala upande wa kulia, fungua kwanza bekiye, ili ukiiinua isiangukie upande wa pili. Kisha uipe mgongo, uegemeze makalio kwenye kiti, mkono mmoja ushike usukani na mwingine ushike chuma cha nyuma. Piga magoti kidogo, usukume kwa miguu ukirudi nyuma hatua fupi fupi. Usiinamishe mgongo kama unayevuta gunia. Na mama mwenye mimba au aliyetoka kujifungua asijaribu kabisa, aite majirani.

Usiiwashe palepale. Ngoja dakika chache, uangalie chini kama mafuta yanavuja. Jaribu freni zote mbili. Zungusha akselereta uone kama inarudi yenyewe, kisha geuza usukani kushoto na kulia uone kama haukwami. Jambo moja likikataa, isukume hadi kwa fundi, usiipande. Na ukiwa kwa fundi, mwambie asikaze mno zile mikono za freni na ambreyaji, ziweze kuzunguka zikigonga chini badala ya kukatika. Vyuma vya kukinga ubavuni navyo vinafaa, hasa kwa moto anayopewa motari.

Mwisho, watoto. Kwangu sasa kuna mstari wa mawe umbali wa hatua mbili kuzunguka moto, na hakuna mtoto anayeuvuka. Mstari huo unawalinda pia na bomba la moshi, linalounguza hata baada ya injini kuzimwa. Mwanangu tulimpatia kioo chake: kile cha zamani, baada ya kutoa vipande vyote na kubandika karatasi inayong'aa. Ameridhika.

Kazi ya nyumbani ya juma hili: yeyote mwenye moto katika parsele, atafute ubao leo na achore mstari na watoto wake. Na kama yako imekwisha kuanguka, siku ya mkutano tuambie. Mimi nitaleta ile bidoni, muione.