Utafiti wa Miguuni Mwetu Urudi kwa Lugha Yetu

Mwaka huu sikuja na shairi wala kisa cha mapenzi. Nimekuja na funza. Najua wengine mmeshakunja uso, na pengine mmeanza kujikuna miguu. Tafadhali msigeuze ukurasa. Jambo hili linatuhusu sisi wana wa Chama cha Kiswahili kuliko mnavyodhani, na sababu yake nitaieleza.

Kwanza nikiri kosa langu, maana wahenga walisema mficha uchi hazai. Nilipokuwa darasa la tano nilikaa kwa nyanya yangu mzaa mama, huko ndani Kilifi, nikasoma shule moja ya msingi ya kijijini. Darasani mwetu alikuwamo mvulana aliyekaa dawati la nyuma kabisa. Alitembea kwa visigino, vidole amevipandisha juu, kama mtu anayekanyaga makaa. Miguu yake ilikuwa imejaa funza. Tulimbandika jina, "Mzee Funza". Kengele ya mapumziko ikilia, sisi hao mpirani, yeye huyo chini ya mkorosho anajichokoa kwa mwiba wa mndimu. Nilimcheka pamoja na wenzangu, tena nilicheka sana. Siku moja nikamwambia ati asikae karibu nami, ataniambukiza. Hakunijibu neno. Muhula uliofuata hakurudi shule, na mpaka leo sijui aliishia wapi.

Hapa Nyali twajiona tuko mbali na mambo hayo. Kuna lami, kuna magorofa, na sakafu zetu ni za vigae. Lakini hebu nenda Kongowea sokoni alfajiri uangalie magunia ya nazi yakishushwa. Yametoka wapi? Yametoka Kilifi na Kwale, na wengi wetu pia tuna mizizi huko huko. Likizo zikifika twapanda matatu kwenda kwa nyanya na babu zetu. Basi tusijifanye kwamba funza ni wa watu wengine.

Funza ni nini hasa? Ni kiroboto mdogo ambaye vitabu na baadhi ya wazee humwita tekenya. Anayejichimbia ndani ya ngozi ni jike peke yake. Huingia mwili mzima akaacha ncha ya nyuma tu nje, apate kupumua na kutaga mayai. Katika siku chache huvimba mpaka akalingana na mbaazi ndogo. Mayai huanguka chini, nayo huanguliwa katika vumbi la sakafu ya udongo au la uwanjani. Yeye mwenyewe, baada ya wiki nne hadi sita, hufia humo humo ndani ya ngozi. Lakini kabla ya kufa huwa ameleta mwasho, maumivu na kidonda. Kidonda kikiingia uchafu huleta usaha, huweza kuleta pepopunda, na kucha hung'oka. Mtoto mwenye funza wengi hawezi kutembea sawasawa, halali usiku, na asubuhi akifika darasani anasinzia. Kisha mwalimu anasema ni mvivu!

Wako wanaosema kwamba funza ni laana au kurogwa. La hasha! Kiroboto huyu kwao ni Amerika. Mwaka 1872 aliletwa Angola na meli iliyotoka Brazil, na kabla ya karne ya 19 kwisha alikuwa amekata bara zima akafika kwetu mwambao wa mashariki. Mgeni aliyekuja kwa meli juzi juzi hivi atakuwaje laana ya mababu?

Sasa tuje kwenye dawa. Wengi hutumia pini, sindano au mwiba. Pini moja huzunguka nyumba nzima, na hapo ndipo watu wanapoweza kupeana maradhi ya damu, ikiwamo homa ya ini na hata virusi vya UKIMWI. Kwa miaka mingi hapa Kenya miguu pia imekuwa ikitumbukizwa katika beseni la maji ya pamanganeti, ile dawa ya zambarau. Yataka maji mengi na beseni, na ngozi huweza kukauka ikapasuka.

Nyanya yangu hakuwa na pamanganeti. Alikuwa na chupa ya soda aliyoitia mafuta ya nazi. Tui alikuna na kulipika mwenyewe hadi mafuta yakajitenga, kisha akachanganya na mafuta ya kokwa za mwarobaini alizozitwanga kinuni. Kila jioni aliwapaka watoto wa jirani miguuni. Wajomba zangu wa mjini walimcheka: "Mama, huo ni ushamba, siku hizi kuna hospitali." Naye akijibu, "Haya, hospitali iko, nauli iko?"

Mwaka jana mwalimu wetu wa bayolojia alituletea makala moja ya Kiingereza. Nilipofika aya ya pili nilipigwa na butwaa. Mafuta ya nyanya yangu yalikuwamo! Mwaka 2019 Lynne Elson na wenzake, miongoni mwao Ulrike Fillinger wa kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe na Hermann Feldmeier wa Berlin, walichapisha jaribio lililofanywa kwa watoto wa hapa Kenya. Walilinganisha dawa mbili: mchanganyiko wa mafuta ya mwarobaini sehemu 20 katika 100 na mafuta ya nazi sehemu zilizobaki, na maji ya pamanganeti.

Jaribio la namna hii huendeshwaje? Si kumpaka mtoto kisha ukatangaza kuwa amepona. Watoto hugawanywa kwa kura, ili mtafiti asije akawachagulia wenye vidonda vidogo dawa anayoipenda yeye. Kwa kila mtoto walichagua funza wasiozidi wawili, wakawafuatilia kwa darubini hadi siku ya sita kuona nani bado yu hai na nani amekufa. Uvimbe wa miguu ulipimwa. Na watoto wenyewe waliulizwa: wasikia maumivu kiasi gani? Wasikia mwasho kiasi gani? Swali hilo mimi na wenzangu hatukumwuliza yule mvulana hata siku moja.

Na jibu? Hapa ndipo nilipowapenda watafiti hao. Hawakusema mwarobaini ni muujiza. Walisema waziwazi kwamba ndani ya siku sita mafuta yaliua kwa wastani kama asilimia 40 ya funza, na kwamba hayakuwashinda pamanganeti kwa kuua. Lakini waliona mambo mengine. Funza waliopakwa mafuta walielekea zaidi kuzeeka upesi kuliko kawaida. Uvimbe ulipungua zaidi. Na watoto waliopakwa mafuta walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kukaa bila maumivu. Wakamaliza kwa kusema majaribio zaidi yanahitajika kujua kipimo kilicho bora.

Jaribio jingine lilichapishwa mwaka 2014, nalo pia lilifanywa mashambani hapa Kenya kwa watoto wa shule 47. Kila mtoto mguu mmoja ulitiwa pamanganeti, na wa pili ukapakwa dimetikoni. Dimetikoni ni mafuta mepesi mno yanayopenya katika tundu la kupumulia la funza yakamziba pumzi. Baada ya siku saba, asilimia 78 ya funza waliopakwa dimetikoni hawakuwa na dalili ya uhai, na kwa pamanganeti ni asilimia 39 tu.

Sasa nauliza: nyanya yangu angeyajua haya kwa njia gani? Makala hizo husomwa bure, hazifichwi. Lakini zimeandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha kitaalamu kinachomtoa jasho hata mwanafunzi wa sekondari. Miguu ni yetu, nazi ni zetu, mwarobaini umejaa vichochoroni mwetu, maumivu yalipimwa kwa watoto wetu. Lakini habari ikisafiri haipiti kijijini.

Maoni yangu ni haya, nami nayasema bila kupepesa macho: utafiti unaofanywa katika ngozi za watu wetu haujakamilika mpaka matokeo yake yamerudi kwao kwa lugha wanayoielewa. Si kabla ya jaribio tu, pale mzazi anapoombwa ridhaa, bali baada yake pia. Aambiwe: dawa ile ilifanya hivi, haikufanya vile.

Kuna atakayesema, "Kiswahili hakina maneno ya sayansi." Hebu tazama nilichokiandika hapo juu. Kura, kipimo, wastani, darubini, uvimbe, ridhaa. Ni neno gani lililomshinda msomaji? Tatizo si lugha. Ni sisi tunaoijua lugha na kukaa kimya.

Mwingine atasema, "Mambo haya hayana haja, wavae viatu tu." Ni kweli, kiatu husaidia. Lakini funza huzaliana katika vumbi la chumba ambamo mtoto amelala, na hakuna alalaye na viatu. Sakafu ngumu, maji na sabuni ndivyo hasa vinavyotakiwa, na vyote hivyo ni pesa. Kumwambia maskini anunue viatu kisha ukaenda zako si ushauri.

Na liko jambo zito zaidi. Sisi watu wa Pwani tumelelewa kwa hadithi za mumiani, mnyonya damu anayewawinda watu usiku. Mgeni mwenye daftari na darubini akija kijijini, akatazama miguu ya watoto, akaandika, akaondoka asionekane tena, watu watasema nini? Watanong'ona kwamba watoto wamekwenda kuuzwa picha zao, au kwamba damu imechukuliwa. Uvumi huota pale habari ilipokosekana. Huwezi kuufukuza kwa kuwaita watu wajinga. Waufukuza kwa kurudi na kusema ulichokiona.

Kwa hiyo natoa ombi kwa chama chetu. Kila toleo la jarida hili litenge ukurasa mmoja wa utafiti wa afya ulioandikwa kwa Kiswahili chepesi, na walimu wetu wa sayansi waukague kabla haujachapishwa. Ukurasa huo tuunakili tuubandike kwenye zahanati, misikitini, makanisani na kwenye mabaraza ya machifu, na kila mmoja wetu abebe nakala tano akienda kwao likizo. Mwezi Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio kwamba maradhi ya ngozi yapewe kipaumbele ulimwenguni. Azimio la Geneva ni zuri, lakini halitafika ndani Kilifi lisipobebwa na mtu.

Tahadhari kidogo, nisije nikalaumiwa. Sijasema mtu atengeneze mafuta nyumbani akaacha kwenda zahanati. Mafuta ya mwarobaini yasinywe kamwe, na hasa mtoto mdogo asipewe, kwa kuwa ni sumu kwake. Mwenye vidonda aende akaoshwe na aulizie chanjo ya pepopunda. Pini isipokezanwe.

Likizo ya Agosti nilikwenda kwa nyanya, nikamsomea makala ile ya 2019 kwa Kiswahili, aya kwa aya, sisi wawili mkekani. Alisikiliza kimya hadi mwisho.

"Kwa hivyo hayawaui wote?" akaniuliza.

"Hayawaui wote, nyanya. Hata nusu hawafiki, kwa siku sita."

"Lakini maumivu yapungua?"

"Yapungua, ndivyo walivyoona."

Akatikisa kichwa. "La maumivu nalijua, wajukuu walikuwa wakilala. Hilo la kutokufa ndilo sikulijua. Yule mwenzako wa shule, mwanawe jirani, nilimpaka wiki moja, nikaona amelala vizuri, nikadhani yamekwisha. Nikaacha. Lau ningeambiwa, mwanangu, ningempaka na zahanati pia ningempeleka."

Sikuwa na la kumjibu. Sikujua hata kama aliwahi kumpaka. Wakati mimi nikimcheka mchana, nyanya yangu alikuwa akimtibu jioni, kwa ujuzi wa nusu kwa sababu nusu ya pili haikuwa imemfikia.

Basi wenzangu, kalamu naiweka chini hapa. Mwaka ujao, majaliwa, ningependa nifungue jarida hili nikute ukurasa ule nilioutaja, umeandikwa na mmoja wenu. Na ukikutana na mtoto anayetembea kwa visigino, usicheke kama nilivyocheka mimi. Mwulize wapi panamuuma.

Mwanachama, Kidato cha Nne