Hofu ya wadukuzi isikutoe mfukoni, kwanza piga hesabu

Julai 2023, mtandao wa eCitizen ulilemewa. Kundi la Anonymous Sudan lilijigamba kuwa ndilo lililohusika, na waziri wa wakati huo, Eliud Owalo, akasema hakuna data iliyoibwa. Hata hivyo, kwa saiba ya Homa Bay inayoishi kwa kujazia watu fomu, biashara ilikwama.

Tangu hapo, ukitaja usalama wa mtandao, vijana wengi huwaza wadukuzi wa ng’ambo. Lakini je, hao ndio hatari yako kubwa?

Wataalamu hawapimi hatari kwa hofu. Kila tishio hupewa alama mbili, 1 hadi 5: uwezekano wa kutokea na ukubwa wa hasara. Kisha unazidisha.

Tuchukue mfano wa saiba yenye kompyuta nne. Shambulio kama la Anonymous Sudan: uwezekano 1, hasara 5, jumla 5. Vairasi kutoka kwa flashi za wateja: 4 mara 3, unapata 12. Mteja kusahau kutoka kwenye akaunti yake ya KRA au HELB na kumwachia anayemfuata: 5 mara 4, ni 20. Kumbe adui hayuko mbali, ameketi kwenye kiti kilekile!

Sasa vuka hadi kwa wakala wa M-Pesa mjini Migori. Meseji feki za pesa humfikia mara kwa mara, lakini yeye huangalia salio kwanza: 5 mara 2, ni 10. Mtu kuchungulia PIN yake akihudumia foleni: 3 mara 5, ni 15. Mbinu ni moja, majibu tofauti. Ndiyo maana kunakili mpango wa jirani hakusaidii.

Shida ni moja: hasara ya nani? Mwenye saiba akipima mfuko wake pekee, akaunti ya mteja iliyoachwa wazi itapata alama 1, maana yeye hapotezi kitu. Hapa ndipo mbinu ya Thomas Saaty, aliyoibuni miaka ya 1970, inafaa: linganisha mambo mawili mawili. Kipi kizito, wewe kukosa mapato ya siku moja au mwanafunzi wa Rongo kuharibiwa ombi lake la mkopo? Ukijibu kwa ukweli, alama zitabadilika.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inamhesabu huyo mteja. Data ikivuja na kuna hatari ya kweli ya kumdhuru mtu, anayeisimamia ana saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data.

Basi kabla ya kununua programu ya bei, chukua karatasi. Ile hatari ya alama 20 inatibiwa bure: weka brauza ijifute kila ikifungwa. Ukishaziba hilo, ndipo uwaze kuhusu wadukuzi wa ng’ambo.